Marahaba Chini ya Maski

Hapa Mwanza, ukiwa na mashine ya hospitali iliyogoma na mafundi wengine wameshaikimbia, utaelekezwa kwangu. Sijisifu, waulize. Karakana yangu iko Mabatini, nyuma ya maduka ya vitenge, na juu ya mlango nimetundika stashahada yangu ya ufundi wa vifaa tiba ndani ya fremu ya kioo, ili mteja aisome kabla hajafungua mdomo. Niliipata Afrika Kusini. Nilikwenda huko bila mjomba wa kunipokea, nikaanza kwa kusukuma vitanda vya wagonjwa, na nikaondoka nikiwa ninawafundisha wenye nchi yao namna ya kufungua mashine ya kupumulia bila kuharibu vali zake. Niliporudi nikajenga Pasiansi, kwenye mwinuko, mahali ambapo ukifungua dirisha la sebuleni ziwa lote ni lako.

Mama yangu alikataa kuhamia kwenye nyumba ile. Alikuja mara moja, akakagua vyumba vyote, akafungua bomba la jikoni na kulifunga, akasema ni nyumba nzuri sana ila haina mtu wa kumsalimia asubuhi. Kesho yake akarudi Magu kwenye mpunga wake. Lakini alinisifu kuliko ninavyojisifu mwenyewe. Gulioni, akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani mjini, alijibu, "Anatengeneza pumzi za watu." Wengi wakaamini mimi ni daktari, naye hakuwahi kuwasahihisha.

Ugonjwa wake ulianza kama mafua ya kawaida ya msimu. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, aliyeishi boma moja na mama, alinipigia simu akisema wifi yake anapumua kama aliyepanda mlima ilhali amekaa. Niliwasha gari nikaifuata barabara ya Musoma. Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka, midomo imegeuka rangi ya majivu. Nilipotaka kumbeba alinisukuma kwa kiwiko.

"Unanibeba mbele ya watu? Nitatembea."

Alitembea hatua chache, kisha mwenyewe akajiacha mikononi mwangu.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alinionyesha picha ya kifua. Mapafu yote mawili yalikuwa yametandwa na weupe kama ukungu wa ziwani. Kirusi cha mafua kilikuwa kimeshuka hadi chini kabisa. Oksijeni ya kawaida, ile ya mpira mwembamba puani, haikumsaidia kitu. Daktari akasema tujaribu mashine ya kusukuma hewa kwa maski ya kubana. Nikamwuliza ni ipi. Akanionyesha kwa kidole, nami nikacheka, nadhani kwa mara ya mwisho siku ile. Ilikuwa ni mashine niliyoifunga mimi. Niliitoa kwenye boksi kwa mikono yangu, nikaipima, nikabandika stika ya karakana yangu ubavuni.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo mambo yote yaliponasia. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa. Vya mama vilikuwa vimeingia majimaji, vingine vimejikunja na kugandana. Mashine ile husukuma hewa kwa shinikizo lisilokatika, ili vifuko vikae wazi hata mgonjwa anapotoa pumzi. Maski lazima ibane uso pande zote. Ukiivua, hata kwa muda wa kunywa maji, vifuko vilivyofunguka kwa jasho la kutwa nzima hujikunja upya, na kazi inaanza mwanzo.

Daktari hakunificha. "Kaka, moyo wa mama yako si mzima sana. Akiivumilia maski hii, mapafu yatapata nafasi ya kupona. Asipoivumilia, itabidi tumlaze usingizi na kumpitishia mpira kooni, mashine kubwa ipumue badala yake. Kwa umri wake na moyo ule, wanaorudi kutoka huko ni wachache."

Kwa hiyo maski ndiyo iliyokuwa uhai wake. Nilimfunga mikanda mwenyewe, nikaikaza nyuma ya kichwa taratibu, nikiepuka kuzivuta nywele zake za mvi. Kabla sijaibana aliniwahi.

"Mnanifunga mdomo kama ng'ombe wa kulimia, asile mahindi ya watu."

"Ni ili upone, mama."

"Haya, funga. Ila mahindi nayaona."

Mchana ule kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikapanda. Mabega yake yakatulia. Midomo ikarudi rangi yake. Nilisimama pembeni ya kitanda na kuwaambia wauguzi, bila aibu, kwamba hiyo ndiyo kazi ya mkono wangu.

Kisha tabu ikaanza. Kila asubuhi, baada ya muda wa kuona wagonjwa, kipimo kiliporomoka. Kengele ya mashine ililia kwamba hewa inavuja, na mama alikuwa akihema tena kama siku ya kwanza. Mchana alipanda, jioni alikuwa vizuri, asubuhi akaanguka. Wauguzi walinipigia simu karakana, nami nikaja na mkoba wa vifaa. Nilibadilisha mpira. Nilibadilisha kichujio. Nikabadilisha maski yenyewe kwa kipimo kidogo zaidi, nikaosha vali, nikapima shinikizo, nikaona mashine haina kosa. Kosa kwenye mashine isiyo na kosa ni jambo lisilonipa usingizi, na hii haikuwa mashine ya mtu baki. Nikaamua kufunga karakana asubuhi moja, nikavaa barakoa, nikaketi kwenye stuli nyuma ya mlango wa chumba chake kabla ya wageni.

Waliruhusiwa wawili wawili, wote na barakoa na aproni za plastiki, kwa kuwa kirusi kile kiliambukiza. Walianza akina mama wawili wa jumuiya yake ya kanisani, waliotoka Magu alfajiri na chupa ya uji. Wakasimama miguuni pa kitanda, wakapiga magoti kidogo kama ada yetu Wasukuma, wakamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Mama akapeleka mkono usoni. Akashika ukingo wa maski, akaivuta hadi kidevuni, akajibu kwa sauti nzima, "Mwangaluka, wanangu. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka, mayu. Pole na ugonjwa."

"Nimepoa. Watoto?"

"Wazima."

"Mvua?"

"Imenyesha juzi, mayu."

"Mpunga wangu mmeupitia?"

Salamu yetu haina haraka. Anayekatisha katikati amemtupa mwenzake. Walipofika kwenye ng'ombe wa jirani kengele ilikuwa inapiga kelele na kipimo kinashuka kama jiwe kwenye maji. Nikaruka kutoka kwenye stuli, nikaibana maski.

"Mama! Usivue!"

Alinitazama kwa macho yaliyokuwa yakitafuta hewa, kisha akaipenyeza sauti chini ya plastiki. "Nisiitikie watu? Nimekuwa nani?"

Niliona yote mara moja. Wageni hawa walikuwa wanajifunika nyuso, hivyo kumsalimu kwa sauti ndiyo namna pekee ya kumjulisha ni nani amekuja. Na walikuwa wengi, maana mama alikuwa mtu wa watu. Kila mmoja aliyempenda alimsogeza karibu na ule mpira wa kooni kwa shikamoo yake.

Nilitoka nje kwenye veranda walikokuwa wanasubiri, nikatangaza. Kuanzia sasa mtu anaingia, anamwona, anatoka. Hakuna kusalimu.

Shangazi yangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kikapu cha michembe ya viazi vitamu, akasimama.

"Yaani niingie kwa wifi yangu kama mwizi?"

"Shangazi, kila akiitikia anapoteza hewa."

"Na asiyesalimiwa anapata nini?"

"Anapata uzima."

"Huko ulikokwenda watu hawasalimiani?"

"Huko nilikokwenda watu wanapona, shangazi."

Alinipima kwa macho kuanzia viatu vyangu, ambavyo ni viatu vya ngozi halisi, hadi kichwani. "Haya, daktari wa vyuma. Tutaingia kama paka."

Wakaingia kama paka. Wakasimama, wakatazama, wakatoka wakiburuta miguu kwa tahadhari. Na asubuhi ile kipimo hakikushuka. Kesho yake vilevile. Daktari alikuja, akasikiliza kifua, akapunguza shinikizo kidogo, akaniambia tukienda hivi huenda tukaushinda ule mpira. Nilirudi Mabatini nikipiga mluzi. Nikamweleza kila mteja jinsi nilivyoligundua tatizo ambalo mashine isingeweza kuonyesha.

Lakini mama akaanza kugeukia ukutani. Uji, ambao muuguzi alimpa kidogo kidogo katika yale mapumziko mafupi aliyoruhusiwa, hakuutaka. Mkono wake haukukamata wa mtu. Nilidhani ni uchovu wa ugonjwa. Mchana mmoja nilipokuwa peke yangu naye, alinipa ishara nisogee. Akainyanyua maski kidole kimoja tu, kana kwamba ananionyesha kwamba amenisikia na anaiheshimu.

"Nimekufa lini?"

"Nani amesema umekufa, mama?"

"Watu wanaingia. Wananitazama. Wanatoka." Akavuta hewa. "Anayefanyiwa hivyo ni maiti. Kama nimekufa mniambie, niache kujisumbua."

Nikaibana maski. Macho yake hayakuniacha. Hakuwa anatania.

Nikafikiri kama fundi. Kama mdomo haufai, tafuta njia nyingine ya kutoa sauti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kando ya chuma cha pembeni mwa kitanda, na kwenye kidole palikuwa na pete yake ya ndoa, ambayo ilishindikana kutoka tangu viungo vyake vilipovimba kwa kazi ya shamba. Niliushika mkono ule, nikagonga pete kwenye chuma. Ngo.

"Hiyo ni marahaba," nikamwambia. "Ukigonga mara mbili, umesema mzima. Ukitaka kusema hapana, paruza."

Alifikiri. Kisha akagonga mwenyewe. Ngo. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayejaribu jembe jipya.

Asubuhi iliyofuata niliwakusanya tena verandani nikawaambia salamu zimeruhusiwa, ila zitaitikiwa kwa chuma. Shangazi akauliza kama hayo nayo nimeyasomea. Nikamjibu ndiyo. Akaingia wa kwanza.

"Mwangaluka, wifi."

Ngo.

"Umeamkaje?"

Ngo, ngo.

"Muongo wewe. Umemaliza kunisengenya kwa hawa manesi?"

Mama akaparuza chuma kwa pete, mparuzo mrefu.

"Ah! Bado unaendelea! Jamani mnamsikia? Amefungwa mdomo na bado ananisema!"

Maski ikajaa mvuke kwa kicheko. Niliangalia kipimo, kiliyumba, kikatulia. Nje kwenye veranda wenzao walikuwa wananyoosha shingo wasikie. "Mayu anapiga ngoma," mmoja akasema, na habari ikafika Magu kabla ya jua kuzama. Walikuja watu ambao hata hawakuwa na undugu nasi, kusudi waitikiwe kwa pete.

Zile zilikuwa siku nzuri. Ninaziweka mbali na zinazofuata, kama mtu anavyotenga nguo safi.

Kisha mama akachoka. Mashine ilisukuma hewa, lakini kuivuta bado ilikuwa kazi yake, na misuli ya kifua ilikuwa imefanya kazi hiyo mchana na usiku tangu tulipomleta. Homa ikarudi. Ugongaji wa pete ukawa mwepesi, ukawa mguso, na mara nyingine kidole kilinyanyuka na kurudi chini bila kufika kwenye chuma. Nilikagua mpira, nikakagua mikanda. Hakuna kilichovuja. Hakuna mgeni aliyekosea. Daktari alinivuta pembeni.

"Kaka, tusidanganyane. Nguvu zimemwishia. Ni mpira sasa, au tumwache hivi hadi azimike. Mwambie wewe. Wewe anakuelewa."

Nilimwambia. Nilisema atalazwa usingizi, mpira utapita kooni, mashine nyingine itapumua badala yake mpaka mapafu yapate ahueni. Niliongeza kwamba mashine hiyo nayo naijua hadi ndani. Akainamisha kichwa polepole, kukubali. Kisha akaonyesha maski. Daktari akailegeza.

"Na watu wakija?"

"Hutawasikia, mama."

"Sikuulizi kama nitawasikia." Akavuta pumzi, akavuta nyingine. "Wasinipite."

Nikaahidi. Walikuwa wanaandaa dawa ya usingizi. Nikapiga goti pembeni ya kitanda, mimi mwenye nyumba ya Pasiansi na stashahada ukutani, nikasema, "Shikamoo, mama."

Mkono wenye pete haukusogea. Alipeleka ule mwingine usoni, akaivuta maski hadi kidevuni kama zamani, na mimi sikumzuia, wala daktari.

"Marahaba, baba."

Ilikuwa sauti yake kamili, ya gulioni.

Baada ya hapo mimi, niliyepiga marufuku salamu, ndiye niliyesimama mlangoni nikizidai. Wageni walimwona amelala, mpira mdomoni umefungwa kwa plasta, kifua kikipanda na kushuka kwa mpigo usio wake, nao walirudi nyuma hatua moja. "Msalimuni," niliwaambia. Walinong'ona mwangaluka zao wakitazama sakafu, na kwa kuwa hazikupata jibu walishindwa waendelee vipi. Salamu yetu haiwezi kusimama kwa mguu mmoja.

Shangazi ndiye aliyelimaliza hilo. Aliketi kwenye stuli yangu, akavua bangili yake ya shaba, na mtu aliposema mwangaluka akagonga kwenye chuma, mahali palepale. Ngo. "Ameitikia," akasema. "Endelea. Mwambie habari za mpunga." Naye mgeni akaeleza habari za mpunga.

Mimi nilikaa upande wa mashine. Niliangalia namba zake, nikashika mipira yake, nikasikiliza vali zikifunguka na kujifunga. Katika kazi hii nimekutana na mashine nyingi zenye visirani, lakini ile haikukosea hata kidogo. Nilitamani ikosee. Nilitamani ilie kengele, nifungue mkoba wangu, nipate kitu cha kutengeneza. Ilisukuma hewa safi, kwa kipimo sahihi, ndani ya mapafu ambayo hayakuwa tena na la kufanya nayo.

Moyo ndio uliokataa. Ilikuwa alasiri, dirisha liko wazi, na upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha ncha ya kitenge alichofunikwa. Daktari na wenzake walihangaika kumbonyeza kifua kwa muda mrefu, kisha wakasimama. Mashine ikaendelea. Haina habari za moyo. Hiyo si kazi yake. Muuguzi alinyoosha mkono kuizima nikamwomba aniachie. Swichi ile ipo nyuma, upande wa kulia, na ninaijua kwa kupapasa. Niliizima mimi.

Shangazi alikuwa amesimama ukutani. Nilimtazama mkono. Bangili alikuwa ameshairudisha.

Tulimzika Magu, karibu na baba, pembeni ya mpunga uliokuwa unakaribia kuvunwa. Watu walijaa hadi barabarani. Nilinunua jeneza ambalo kijiji kile hakikuwahi kuliona, na sijutii, kwa kuwa angelitaja gulioni. Walipita mbele yake mmoja mmoja kumuaga, kimya, wakimtazama, wakiondoka wakiburuta miguu kwa tahadhari. Hakuna aliyesalimu. Nilisimama pale nikisubiri kitu kinisukume kuwaambia wasimpite, lakini sasa walikuwa sahihi, na nikawaacha.

Mashine zote mbili zinafanya kazi. Nilizisafisha mwenyewe, nikabadilisha mipira na vichujio, nikazipima upya, na zimeshapumulia watu wengine tangu wakati ule. Baadhi yao walirudi nyumbani kwa miguu yao, na kila nikiwasikia huwa nasema kwamba hizo ni mashine zangu, maana ndizo.

Hospitali ile imenipa pia kazi ya kukarabati vitanda. Pale kwenye chuma cha kitanda chake, rangi nyeupe imebanduka, doa dogo lisilozidi ukucha, kwa sababu ya pete na baadaye bangili. Mkuu wa wodi amenikumbusha zaidi ya mara moja, kwa upole, kwamba chuma kitashika kutu. Rangi ninayo kwenye mkoba, ya kopo, ya kupuliza, inakauka papo hapo. Mtu yeyote wa mji huu atakwambia kwamba sijawahi kuacha kazi ya watu ikilala. Kila nikifika pale nafungua mkoba, nakagua mashine, nafunga mkoba.